Keki ya siagi au sponji ya mayai mbele ya kamera?

Mwokaji wa nyumbani anayeshindana kwenye runinga ana maadui wawili: saa, na oveni asiyoizoea. Keki ya siagi humsamehe. Vipimo vyake ni rahisi kukumbuka, uzito sawa wa siagi, sukari, mayai na unga, na unga wa kuumulia hubeba sehemu ya kazi. Mtangazaji akija kumhoji katikati ya kuchanganya (nao hawachagui wakati!), hakuna kinachoharibika upesi.

Sponji ya mayai haina subira hiyo. Huumuka kwa hewa iliyopigwa ndani ya mayai na sukari tu. Ukikoroga unga kwa nguvu, au ukiacha mchanganyiko ukisubiri, hewa inatoroka na keki inatoka bapa kama soli ya kiatu. Lakini ikimwagwa nyembamba kwenye trei huiva kwa dakika 10 hadi 12, na kupoa haraka. Hapo ndipo keki ya siagi hulemewa: ni nene, hukawia kuiva katikati, na mwenye haraka huipaka krimu ingali moto, ikateleza yote mbele ya majaji.

Mimi ningechagua sponji, ila baada ya kuiharibu nyumbani mara kadhaa kwanza.