Tahadhari: RAM za seva zinauzwa kama RAM za kompyuta za mezani

Wadau, kuna muuzaji wa mtandaoni anauza RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) za kizazi cha DDR3 za GB 8 na kuzituma mikoani kwa basi. Mimi ameshanila elfu 70. Nikiwafikiria wenye steshenari wenzangu wanaojichangachanga ili mashine zao ziongezeke kasi kabla ya msimu wa mitihani, siwezi kunyamaza.

Mashine yangu ni Dell OptiPlex 7010, ile mtumba iliyojaa kwenye steshenari nyingi, ya toleo la 2012. Ilikuwa na GB 4 tu. Nikifungua picha za pasipoti huku mwalimu amesimama anasubiri mtihani wake utoke, inaganda mpaka naona aibu. Fundi wangu hapa Iringa akaniambia ina sloti nne, kila moja inapokea hadi GB 8, kwa hiyo nikiweka mbili za GB 8 habari ya kuganda nitaisahau. Madukani nilikozungukia sikuzipata. Nikaingia mtandaoni nikakuta tangazo, elfu 35 kila moja, "zimejaribiwa". Nikamtajia mashine yangu, akanijibu, "Inakubali hiyo dada yangu, ondoa shaka." Nikalipa kwa simu, kesho yake mzigo ukafika stendi.

Zikaingia kwenye sloti vizuri kabisa, vishikio vikabana pande zote mbili. Hapo ndipo wengi tunapokamatika. RAM ya DDR4 huwezi kuichomeka kwenye mashine ya DDR3, mkato wake uko sehemu nyingine. Lakini RAM ya DDR3 ya seva, zile kompyuta kubwa za makampuni, ina meno 240 sawasawa na ya kompyuta ya kawaida, na mkato uko palepale. Kuingia inaingia, kuwaka ndiyo haiwaki. Kioo kikabaki cheusi, taa ya kuwashia ikawa inapepesa rangi ya chungwa. Nikarudisha zile za zamani, mashine ikawaka.

Nilipompigia alisema mazabodi yangu mbovu. Nilipompigia tena akataka niongeze elfu 40 anitumie "RAM kali zaidi". Nikazipeleka kwa fundi. Akaishika moja, akaigeuza, akaanza kuhesabu chipu kwa ncha ya bisibisi. Tisa upande mmoja, na katikati chipu nyingine ndogo iliyokaa peke yake. RAM ya kawaida ina nane kwa upande, au nne, na katikati hakuna kitu. Kisha akabandua taratibu stika nyeupe iliyoandikwa GB 8 ya desktop, na chini yake ikatokea stika ya kiwanda: PC3-12800R.

Hiyo R ndiyo iliyoniliza. RAM za aina hiyo zina chipu ya kupokea amri kutoka kwenye prosesa na kuzifikisha kwa zile nyingine, ili seva iweze kubeba RAM nyingi kwa pamoja. Prosesa ya OptiPlex 7010 haina uwezo wa kuzitumia. Makampuni yakistaafisha seva zao, RAM hizi huuzwa kwa mafungu na kwa bei ya chini kwa sababu wanaozihitaji ni wachache. Wala si mbovu. Aliyebandika ile stika nyeupe alijua anaficha nini.

Kwa mashine kama yangu tafuta namba inayoishia na U: PC3-12800U au PC3-10600U. Ikiwa PC3L na ina U, nayo inakubali. Ikiishia na R au E, iache. Ya S ni ya laptop, ni fupi na haitaingia. Tazama pia maandishi madogo yanayosomeka 2Rx8. Ukiona x4 na mashine yako ina prosesa ya Intel, usitoe hela hata ukiapiwa, kwa sababu kuna RAM za DDR3 za GB 8 za bei poa zinazofanya kazi kwenye baadhi ya mashine zenye prosesa za AMD peke yake. Na usiulize tu "RAM ya 7010". Dell walilirudia jina hilo mwaka 2023 kwa mashine mpya ambazo hazitumii DDR3 kabisa.

Kuna na wale wanaobandika stika ya GB 8 juu ya RAM ya GB 4. Hiyo inawaka, ila ukifungua programu ya CPU-Z sehemu ya SPD utaona ukubwa wa kweli wa kila sloti. Hapa niwatetee wauzaji waaminifu: Windows ya biti 32 haivuki GB 4 hata uweke RAM ya GB ngapi, kwa hiyo hakikisha Windows yako ni ya biti 64 kabla hujaenda kugombana na mtu.

Sasa hivi situmi hela kabla sijaona picha ya stika ya kiwanda, imepigwa karibu, pembeni kuna karatasi yenye tarehe ya siku hiyo. Wa kwangu nilimwomba hivyo siku ya mwisho tulipowasiliana, akanifungia. Namba yake nimeiripoti 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu.

Ameshabadilisha jina na namba, ila picha hajabadilisha: RAM mbili za kijani zimewekwa juu ya kitambaa cha maua mekundu, na ya kushoto ina mkwaruzo mrefu unaokata chipu ya pili. Ukiikuza utahesabu chipu nane kwa upande. Mimi zilizonifikia zilikuwa na tisa.