Uzoefu wangu na kasha la Star Wars: picha imesafishwa, lakini filamu yangu haimo

Kasha hili lenye filamu tatu za kwanza za Star Wars, hadithi ya vita vya angani, nililinunua hapa Lubumbashi kwa dola 40, katika duka dogo la katikati ya mji ambalo mwenyewe huagiza bidhaa zake kutoka Ubelgiji. Ni diski za Blu-ray za toleo lililotoka mwaka 2011, zina sauti ya Kifaransa, na hazikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Nayasema haya mapema ili nisimwonee aliyeniuzia, kwa sababu yeye alinipa kile alichoniahidi. Lalamiko langu linahusu yaliyomo ndani ya diski zenyewe.

Filamu ya kwanza, iliyotoka mwaka 1977, kwetu Kamalondo, commune ya hapa Lubumbashi, tuliijua kwa jina lake la Kifaransa, La Guerre des étoiles, kupitia kaseti ambayo yaya wangu, yaani ndugu yangu mkubwa, aliinunua kwa mwenye videoclub, duka la kukodisha kaseti, aliyekuwa akifunga kazi. Katika sauti ile ya Kifaransa Han Solo, rubani wa magendo katika hadithi hiyo, anaitwa Yan Solo, na mpaka leo jina la Han halinikai mdomoni. Tukio ambalo yaya alilipenda kuliko yote ni lile la kilabuni, ambapo Greedo, mwindaji aliyetumwa kumkamata Yan, anamwelekezea bunduki wakiwa wameketi mezani. Yaya alikuwa akiketi nyuma ya meza ya mama, mkono mmoja ukichezacheza ukutani kana kwamba hana haraka na jambo lolote, mwingine ukishuka polepole chini ya meza, huku akiendelea kuzungumza kwa utulivu. Mimi ndiye niliyekuwa Greedo. Yaya alifariki mwaka 2016, na nilipoliona kasha hili dukani nilimfikiria mwanangu mwenye miaka 12, ambaye nimemsimulia tukio hilo mara nyingi, nikataka hatimaye alione kwa macho yake.

Tuliketi kuitazama Jumamosi jioni. Kuhusu picha nitasema ukweli: ni safi kupita chochote tulichowahi kukiona kwenye kaseti, ingawa ngozi za watu mara nyingine zinavuta kwenye wekundu kupita kiasi. Sauti ina nguvu, na vyombo vya muziki vinasikika kimoja kimoja. Kama ningeulizwa juu ya usafi peke yake, ningeisifu kazi hiyo bila kusita.

Kisha tukafika kilabuni. Greedo akafyatua risasi yake, akamkosa mtu aliyeketi mbele yake umbali wa meza moja, na karibu katika pumzi ileile Yan akampiga. Mwanangu akanigeukia akasema, “Papa, uliniambia Yan ndiye aliyepiga peke yake.” Sikuwa na cha kumwonyesha. Ushahidi wangu wote ulikuwa kwenye kaseti ambayo haichezi tena, na filamu yenyewe, pale mbele yetu, ilikuwa ikinikanusha.

Naomba msomaji aelewe kwamba hilo si jambo dogo la sekunde moja. Katika filamu ya 1977 Greedo hapati nafasi ya kupiga hata risasi moja. Yan anamuua kwa kuwa ameshaambiwa waziwazi kwamba atauawa, halafu anasimama, anamrushia mwenye kilabu sarafu kwa ajili ya uchafu alioufanya, na kuondoka. Hapo tunajua kwamba tuna mbele yetu mtu wa magendo anayejali ngozi yake mwenyewe na deni lake, na ndiyo maana anaporudi mwishoni, wakati Luke, kijana shujaa wa hadithi, amebaki peke yake na adui nyuma yake, mioyo yetu inaruka. Mwaka 1997 George Lucas, mtengenezaji wa filamu hizi, alibadilisha picha hizo ili Greedo apige kwanza. Mwaka 2004 milio miwili ikasogezwa karibu karibu. Mwaka 2019 Greedo akaongezewa hata neno la kusema kabla ya kufa. Marekebisho yote hayo yamekusudiwa kumtakasa mtu ambaye hadithi yenyewe ilikuwa ikimtakasa polepole kwa njia yake, na anayetakaswa tangu mwanzo hana safari ya kusafiri.

Ziko nyongeza nyingine ambazo sitazikalia sana. Tukio la Yan na Jabba, bosi wa wahalifu anayemdai Yan, ambalo lilipigwa zamani na mwigizaji binadamu kisha likaachwa nje ya filamu, lilirudishwa mwaka 1997 kwa Jabba aliyechorwa na kompyuta, nalo linarudia karibu kila kitu ambacho Greedo ameshakisema dakika chache kabla. Katika toleo hili la 2011 yamewekwa mawe mbele ya roboti mdogo aliyejificha jangwani, na katika picha inayofuata mawe hayo hayapo tena. Mwanangu aliligundua hilo kabla yangu. Wimbo wa viumbe wa msituni unaofunga filamu ya tatu umeondolewa na kuwekwa muziki mwingine, ambao ni mzuri, lakini si ule tulioucheza uani.

Jambo lililoniumiza kuliko yote, hata kuliko la Greedo, limo katika filamu hiyo ya tatu, ya mwaka 1983. Mfalme anamtesa Luke kwa radi za mikononi mwake, na Dark Vador, mtumishi wa Mfalme mwenye barakoa ambaye ndiye baba yake Luke, amesimama kando. Katika filamu ya awali hasemi neno. Barakoa inamgeukia mwana, inamgeukia bwana wake, inarudi kwa mwana, na sisi watazamaji, ambao hatuuoni uso wowote, tunalazimika kuyasoma yanayopita ndani ya baba yule, mpaka anapomnyanyua Mfalme na kumtupa shimoni. Nakumbuka chumba chetu kikinyamaza kabisa katika sekunde hizo, na watoto wa majirani waliosongamana mlangoni nao wakinyamaza. Katika toleo la 2011 Vador amepewa sauti ya kukataa, mara moja na kisha mara ya pili kwa kelele ndefu. Aliyeongeza kelele hiyo alikuwa na kimya chenye thamani kuliko neno lolote, akakifukia. Muda mfupi baadaye, roho ya baba huyo inapotokea usiku wa furaha, mwigizaji mzee Sebastian Shaw, ambaye ndiye aliyetuonyesha uso wa Vador akifa, ameondolewa tangu mwaka 2004 na nafasi yake kupewa Hayden Christensen, aliyezaliwa mwaka 1981. Shaw alifariki mwaka 1994, kwa hiyo hakuwapo hata wa kuulizwa.

Mtengenezaji ana haki ya kuirudia kazi yake, na simnyimi haki hiyo. Ninachokikataa ni kwamba toleo jipya limekuja na kulifukuza la zamani. Lucas mwenyewe alisimama mbele ya Bunge la Marekani mwaka 1988 kuzitetea filamu za zamani dhidi ya watu waliokuwa wakizitia rangi na kuzibadilisha, na mwaka uliofuata filamu yake ya 1977 ikawekwa katika orodha ya kwanza ya filamu 25 zinazostahili kuhifadhiwa kwa niaba ya taifa hilo. Mafundi waliotengeneza vyombo vya angani kwa mikono yao walipewa tuzo ya Oscar kwa athari za picha, na katika sehemu kadhaa za diski hii kazi yao imefunikwa na kazi ya watu wengine waliokuja miaka 20 baadaye.

Kwamba inawezekana kufanya vinginevyo, tunajua. Filamu ya Blade Runner ilipotolewa upya mwaka 2007, ilipatikana katika kasha lenye matoleo matano, na kila mtu akachagua lake. Mtengenezaji mwingine, Steven Spielberg, alibadilisha bunduki za askari kuwa redio za mkononi katika filamu yake E.T. mwaka 2002, lakini diski za wakati huo ziliuzwa pia zikiwa na filamu ya 1982, na baadaye akakiri kwamba alikosea. Star Wars ya awali nayo ilitolewa kwa DVD mwaka 2006, lakini kama nyongeza tu, kwa picha iliyotolewa kwenye nakala ya mwaka 1993, ndogo katikati ya weusi wa televisheni. Mwezi wa Juni 2025 nakala ya filamu ya 1977 ilionyeshwa London kwenye skrini kubwa, na watu walijaa kuitazama. Nakala hiyo ipo, basi, na inaweza kupita kwenye mashine mbele ya macho ya watu.

Kwa yeyote wa Lubumbashi anayefikiria kulinunua kasha hili: ikiwa hujawahi kuziona filamu hizi, utapata picha nzuri na hadithi ambayo bado ina nguvu. Ikiwa ulizipenda tangu zamani, usitoe dola 40 ukidhani unarudishiwa ulichokuwa nacho. Mimi nimeipeleka kaseti ya yaya kwa fundi mmoja wa commune ya Kenya, hapahapa Lubumbashi, ambaye bado anazitengeneza mashine za zamani. Amesema utepe umeshika ukungu pembeni, lakini sehemu ya katikati inaweza kusafishwa, nami nimemwonyesha kwa kidole sehemu ninayoihitaji. Mwanangu huniuliza kila Jumamosi kama imekwisha kutengenezwa.