Normal People: mapenzi ya chuoni yaliyokwama kwenye kodi ya chumba

Hadithi za mapenzi ya chuoni baina ya mwenye nacho na asiye nacho huwa na adui wake wa kudumu, awe baba tajiri anayekataa posa, mama anayemchagulia mwanawe mchumba, au mshindani mwenye gari. Tamthilia ya Normal People, iliyotolewa mwaka 2020 kutokana na riwaya ya Sally Rooney ya mwaka 2018, haina adui wa namna hiyo. Hakuna anayewakataza Marianne na Connell kupendana, na kwa sababu hiyo inaumiza zaidi kuitazama, kwani kila wanapoachana huwa wameachana kwa vinywa vyao wenyewe, au tuseme kwa kushindwa kuvifungua.

Wote wawili wanatoka katika mji mdogo wa kaunti ya Sligo, nchini Ireland. Lorraine, mama yake Connell, hufanya usafi katika nyumba kubwa ya akina Marianne, na kijana huenda kumchukua mama yake saa za kazi zinapokwisha. Shuleni, hata hivyo, mambo yamepinduka: Connell ni mwanamichezo anayependwa na kila mtu, ilhali Marianne, pamoja na utajiri wote wa kwao, anakaa peke yake na kusimangwa. Wanapendana kwa siri, na siri hiyo ni matakwa ya Connell, ambaye hatimaye anamwalika msichana mwingine kwenye dansi ya kumaliza shule kwa kuhofia maneno ya rafiki zake. Wanapokutana tena katika Chuo cha Trinity jijini Dublin, Marianne amezungukwa na watu wa tabaka lake wanaofurahia ulimi wake mkali, naye Connell ndiye anayesimama pembeni kwenye sherehe bila kujua aseme nini. Hapo ndipo tamthilia inapozipita nyingi za aina yake, kwa kuwa imetambua kwamba hadhi na fedha ni vitu viwili, na kwamba mtu anaweza kuwa na kimoja akakikosa kingine, kisha vikabadilishana kwa kuhama mji tu.

Tukio ambalo kwangu linabeba kazi nzima limo katika sehemu ya 6. Likizo ya kiangazi inakaribia, Connell amepoteza kipato cha kazi yake ya muda na hawezi tena kulipa kodi ya chumba. Usiku mwingi amekuwa akilala kwa Marianne, ambaye nyumba anayoishi ni mali ya familia yake, kwa hiyo anachohitaji ni kuuliza tu kama anaweza kuhamia pale kwa miezi michache. Hathubutu. Anamwambia kwamba anarudi nyumbani, Marianne anadhani ameachwa, naye anadhani Marianne ameridhika aende. Kwa mwana wa mfanyakazi wa nyumba ile, kuomba hifadhi kwa binti wa mwajiri wa mama yake si ombi dogo, wala Marianne, ambaye hajawahi kuwaza kodi maishani mwake, hana namna ya kulisikia swali ambalo halijaulizwa. Hakuna anayepaza sauti wala kutaja neno tabaka, lakini sijaona tamthilia nyingine ya wanafunzi iliyoonyesha vizuri kiasi hiki jinsi fedha inavyoingia katikati ya wapenzi.

Baadaye wote wawili wanapata ufadhili wa masomo wa chuo hicho, unaotolewa kwa mtihani mgumu na unaojumuisha malazi na chakula. Kwa Marianne ni heshima. Kwa Connell ni mahali pa kulala.

Daisy Edgar-Jones na Paul Mescal wanaigiza kwa macho na pumzi kuliko kwa maneno, na kamera inawakaribia mno, wakati mwingine kupita kiasi. Mescal alipata tuzo ya televisheni ya Uingereza, BAFTA, ya mwigizaji bora wa kiume mwaka 2021, na anayetaka kujua sababu atazame sehemu ya 10, ambapo Connell, aliyezama katika sonona baada ya kifo cha rafiki wa shuleni, anajaribu kuzungumza na mshauri nasaha.

Kasoro zipo. Jamie, mmoja wa wapenzi wa Marianne huko chuoni, ameandikwa kama tajiri mwovu asiye na lolote la ziada, jambo linaloshangaza katika kazi iliyo makini hivi kuhusu watu wengine. Ukatili wa kaka yake Marianne nao unaonyeshwa bila kuchimbuliwa vya kutosha, na hivyo safari ya Marianne ya Sweden, ambako anaingia katika uhusiano wa kujidhalilisha, inaonekana imeharakishwa.

Matukio ya faragha ni mengi na marefu. Yameongozwa kwa staha na yana kazi katika hadithi, lakini tamthilia hii si ya kutazamwa sebuleni pamoja na wakwe. Zaidi ya hayo, ingawa sehemu zote 12 ni fupi, takriban nusu saa kila moja, ni afadhali kutozimaliza kwa usiku mmoja: baina ya sehemu na sehemu hupita miezi, na mtazamaji asipoipa nafasi miezi hiyo atawaona wawili hawa kama watu wanaogombana na kupatana ovyo.