Maikrofoni isiyo na waya: risiva (kipokea mawimbi) moja yenye antena mbili, au risiva mbili, kila moja na antena yake?

Msemaji akisogea hatua moja sauti huweza kukatika, kwa kuwa mawimbi ya redio yaliyogonga ukuta yanafutana na yaliyokuja moja kwa moja. Aina zote mbili hutibu hilo kwa antena mbili.

Ya risiva moja ni nafuu, ila huhamia antena ya pili baada ya mawimbi kushuka, bila kujua kama huko kuna nafuu. Ndipo unaposikia "tak!" Ya risiva mbili hulinganisha mawimbi ya antena zote mbili muda wote: ukumbi wa mabati, yanayorudisha mawimbi sana, unaitaka hiyo. Darasani, ya kwanza yatosha.

Matunzo? Antena moja ikilegea, risiva mbili huficha hitilafu. Tazama taa za A na B, zinazoonyesha antena ipi inapokea. Kwa masafa ya 600 MHz, tenganisha antena angalau sentimita 12.5, zikae kama V.