Mbegu za malisho kabla ya mvua: ipi ununue kwa ng'ombe wawili na ekari moja

Mvua zikikaribia, magrupu ya WhatsApp ya wafugaji hugeuka soko. Mmoja anauza pingili za Super Napier kwa gunia, mwingine ana Juncao "ya China halisi", wa tatu anatuma picha ya mtu aliyesimama ndani ya majani yaliyompita kimo. Picha hizo zote hupigwa wakati wa mvua. Hakuna anayekutumia picha ya shamba hilo hilo mwezi wa tisa, jua likiwa kali na ng'ombe amesimama bandani akilia. Mimi mbegu ya malisho naipima kwa swali moja tu: kiangazi kikifika, itaniachia nini cha kukata au cha kutoa stoo?

Mwongozo huu ni wa mfugaji wa kawaida: ng'ombe wa maziwa wawili au watatu, ekari moja au mbili, anakata majani na kuwapelekea bandani. Ukiwa na ekari hamsini na trekta lako mwenyewe, mpangilio wangu haukuhusu sana.

Kabla ya duka, piga hesabu. Ng'ombe wa kilo 400 anahitaji chakula kikavu kama asilimia 3 ya uzito wake, yaani kilo 12 kwa siku. Mabingobingo, yale majani marefu yenye mashina kama muwa, yakiwa mabichi yamejaa maji. Ukavu wake ni kama asilimia 15 hadi 20. Kwa hiyo kilo 12 hizo ni kilo 60 hadi 80 za majani mabichi, kila siku, kwa ng'ombe mmoja. Wawili wanamaliza tani 4 hivi kwa mwezi. Wengi wetu tunawapa nusu ya hapo, halafu tunalaumu mbegu ya dume.

Nafasi ya kwanza: brakiaria

Najua wengi wangetanguliza mabingobingo. Mimi naitanguliza brakiaria kwa sababu inakupa njia mbili: unaikata mbichi wakati wa mvua, na inayozidi unaianika ikawa hei. Mashina yake ni membamba, hukauka kwa siku chache. Mabingobingo huwezi kuyaanika hivyo; shina nene linaoza kabla halijakauka, labda uyafanye sileji, yaani uyakatekate na kuyavundika bila hewa.

Ajabu ni kwamba nyasi hii ni ya kwetu. Aina ya ruziziensis jina lake limetoka bonde la Ruzizi, kule Burundi na Kongo zinakopakana. Ilikwenda ng'ambo, watafiti wa CIAT, kituo cha kimataifa cha kilimo cha tropiki nchini Kolombia, wakaichanganya na ndugu zake wawili, na leo tunainunua ikiwa imefungashwa vizuri kwa jina la Mulato II. Zipo pia Piata, Xaraes na Basilisk. Kwa mwenye udongo wenye tindikali na mvua za kusuasua, Mulato II ndiyo ningemshauri aanze nayo, ila isiwe mahali maji yanaposimama. Miinuko yenye baridi kali nayo haiipendi.

Bei ya mbegu ni kubwa, na hapo ndipo macho yawe wazi. Kilo 2 hadi 2.5 zinatosha ekari. Mbegu nyingi huja zimevikwa rangi, kijani au bluu, na lile vazi lina uzito wake. Kilo moja ya mbegu iliyovikwa haina punje sawa na kilo moja ya mbegu tupu, kwa hiyo usilinganishe bei kabla hujasoma lebo. Soma tarehe ya kupimwa na asilimia ya uotaji. Kwa mahindi tumezoea 90. Kwa majani haya, 50 si aibu.

Tahadhari mbili. Brakiaria huanza polepole, wiki za mwanzo utadhani umetapeliwa, na magugu yakikuzidi katika kipindi hicho basi imekwisha. Pili, kama una kondoo au mbuzi, usiwalishe Basilisk peke yake. Inaweza kuharibu ini, wakaanza kuumizwa na jua: masikio na uso vinavimba, ngozi inabanduka. Ng'ombe wakubwa huistahimili zaidi.

Nafasi ya pili: mabingobingo, na jamaa zake wenye majina makubwa

Kwa wingi wa majani kwenye eneo dogo hakuna yanayoyafikia mabingobingo, au nepia kama wasemavyo Kenya. Kwenye mvua nzuri au maji ya kumwagilia, haya ndiyo ya kwanza na brakiaria inashuka.

Swali ni ununue yapi. Super Napier, jina lake la kitaalamu Pakchong 1, ni chotara wa Thailand kati ya mabingobingo na uwele. Juncao ilianza China kama nyasi ya kuoteshea uyoga. Zote mbili ni nzuri, zinakua haraka, hazina manyoya mengi ya kukuwasha mikono. Lakini asilimia 16 hadi 18 ya protini inayotajwa kwenye matangazo ni ya majani machanga yaliyolishwa mbolea vizuri. Ukiyaacha yafike mita 3 ili upige picha, unamlisha ng'ombe kuni. Yakate yakiwa kiunoni au juu yake kidogo. Na yanadai samadi kila baada ya kukatwa. Asiye na samadi atapata miezi michache ya furaha, kisha shamba linachoka.

Kitu kimoja hakina mjadala: Super Napier hupandwa kwa pingili. Anayekuuzia "punje za Super Napier" kwenye pakiti anakuuzia kitu kingine, kwa sababu chotara huyu hatoi mbegu inayoota.

Pingili zenyewe zifuate shambani kwa muuzaji, usisubiri gunia liletwe na bodaboda. Ukifika, usiangalie mashina marefu yaliyo mbele. Ingia katikati, tafuta mashina yaliyochipua tena baada ya kukatwa. Ukiona shina lenye machipukizi mengi membamba, mafupi, majani madogo ya njano kana kwamba limenyimwa maji huku jirani zake ni kijani, huo ni ugonjwa wa kudumaa. Unaenezwa na wadudu wadogo wanaofyonza majani na pia kwa pingili zenyewe, na ukishaingia shambani kwako hakuna dawa ya kupuliza, ni kung'oa. Ukiona maua meusi kama masizi, hiyo ni fugwe, ugonjwa wa kuvu. Kenya wana Kakamega 1, iliyotolewa kwa ajili ya kuhimili fugwe, na kwa maeneo yenye tatizo hilo ningeichukua hiyo kabla ya jina lolote la mtandaoni.

Pingili nzuri ina macho matatu, imetoka kwenye shina lililokomaa, si laini la juu wala kavu la chini kabisa. Macho mawili yanaingia udongoni kwa mshazari, moja linabaki nje. Kwa sehemu kavu chimba mashimo ya tumbukiza, sentimita 60 kwenda chini na 60 upana, changanya udongo wa juu na samadi, usijaze hadi juu ili shimo likinge maji. Panda pingili tano hadi kumi kwa shimo. Kuchimba ni kazi ya mgongo, lakini haya ndiyo mabingobingo yanayobaki na rangi ya kijani wenzake wakishakauka.

Waliopo juu kabisa milimani, Lushoto au Njombe, watanicheka wakisema majani ya Gwatemala yanawatosha kwenye makinga maji. Wana haki. Pando wataombana kwa jirani, hawahitaji mwongozo wa kununua.

Nafasi ya tatu: desmodiamu

Hii haisimami peke yake. Ni mkunde unaotambaa, unaongeza protini kwenye majani na kupunguza pumba na mashudu unayonunua. Ukipanda mahindi, faida ni maradufu: icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, kule Mbita kando ya Ziwa Victoria upande wa Kenya, walionyesha kwamba desmodiamu kati ya mistari ya mahindi hufukuza nondo wa bungua (funza anayetoboa mabua) na kukandamiza kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mahindi, huku mabingobingo au brakiaria pembeni yakiwavuta nondo watoke nje.

Mbegu ni ndogo na ghali. Kilo moja hadi moja na nusu kwa ekari, ichanganye na mchanga mkavu ili isiishie yote kwenye mstari wa kwanza. Kama bei inakushinda nunua kidogo, otesha kijitaluta, mwaka unaofuata ukate marando yake na kuyapandikiza kipindi cha mvua. Desmodiamu ya jani pana la kijani hutoa majani mengi na huhimili ukavu zaidi kuliko yenye mstari wa fedha katikati ya jani. 

Nafasi ya nne: Boma Rhodes

Inafaa sana kwa hei ya kuuza, ndiyo maana wenye ekari nyingi Nakuru na Arusha wanaipenda. Kwa ekari moja, sijashawishika. Udongo lazima ulainishwe hasa, gharama ya trekta na haro ni ile ile, na robota lake lina nguvu ya kujaza tumbo kuliko kuongeza maziwa.

Ukiinunua, fanya hivi dukani: mimina kidogo kiganjani, isugue. Mbegu ya Rhodes ni manyoya matupu, na manyoya mengi hayana kitu ndani. Ukisugua unapaswa kuona vipunje vidogo vya rangi ya kahawia kama ya asali. Usipoviona, rudisha pakiti. Kilo 4 hadi 5 kwa ekari, changanya na pumba za mbao, mwaga asubuhi kabla upepo haujaamka, na usifukie. Buruta tawi la mti juu yake, basi.

Nafasi ya mwisho: lusani

Lusani, au alfalfa, ni malkia wa protini, na ndiyo mbegu watu wanayoiulizia kuliko zote. Naiweka mwisho kwa sababu inataka kila kitu: udongo usio na tindikali, maji ya uhakika, palizi ya mkono, bakteria maalumu wa kupakwa kwenye mbegu siku ya kupanda. Na ng'ombe mwenye njaa akiila mbichi kwa wingi tumbo linajaa gesi, anaweza kufa kabla bwana mifugo hajawasha pikipiki. Kama una bomba na kieneo cha robo ekari, nunua kilo moja na uipeleke hapo, uinyaushe kabla ya kulisha. Ekari nzima ya kutegemea mvua, hapana.

Duka na kalenda

Tanzania, mahali pa kuanzia ni shamba la serikali la Vikuge, Kibaha, au kituo cha TALIRI, taasisi ya utafiti wa mifugo, kilicho karibu nawe. Mbegu ya pakiti iwe na lebo ya TOSCI, taasisi inayothibitisha ubora wa mbegu. Kenya, stika ya KEPHIS, wakaguzi wa afya ya mimea na mbegu. Stika yenye namba ya kukwangua ikwangue na uihakiki hapo hapo kaunta, muuzaji akikuangalia. Ukifika nyumbani hesabu punje 100, zilaze kwenye kitambaa chenye unyevu kwa wiki mbili, hesabu zilizoota. Ndiyo maana nasema nunua mwezi mzima kabla ya mvua: ikikataa, bado una muda wa kuirudisha na risiti.

Kwa wenye misimu miwili, ningepanda pingili kwenye vuli na punje ndogo kwenye masika. Vuli ikikatika ghafla pingili ina akiba shinani, lakini mche wa brakiaria wenye wiki mbili hauna chochote. Lima mapema, acha magugu ya mvua ya kwanza yaote, yapige haro, ndipo umwage mbegu. Wa Mbeya, Iringa na Dodoma mna nafasi moja tu kwa mwaka; shamba liwe tayari Novemba.

Na kama unasoma haya mvua imeshaanza na hujalima, panda mtama wa malisho. Mbegu ni rahisi kupatikana na ndani ya miezi miwili hadi mitatu unakata. Usiulishe ukiwa chini ya sentimita 60, wala machipukizi yanayotoka baada ya ukame, maana yana sumu inayoua ng'ombe kwa dakika.