Stesheni ya klasiki inayokatakata simfoni: nyota 2 kati ya 5

Nipo huku Uingereza, gari nalopiga nalo kazi redio haizimwi, na stesheni ninayoisema ni ile ya biashara inayopiga muziki wa klasiki kutwa, jina naliacha. Niwape haki yao kwanza: inashika vizuri, watangazaji wana sauti tamu na majina ya Kicheki wanayatamka bila kujiuma ulimi.

Ila jamani, wanakatakata muziki mpaka kero. Simfoni, yaani kazi ndefu ya okestra, kwa kawaida ina sehemu nne na zinategemeana, wao wanachomoa moja dakika saba hivi, halafu tangazo la bima ya gari. Juzi wamepiga sehemu ya mwisho ya Simfoni ya 5 ya Beethoven, peke yake!! Sasa anayeijua anajua kwamba sehemu ya tatu na ya nne hazina kituo katikati, sehemu ya tatu inafifia, inabaki ngoma inagonga taratibuuu, violini zinapanda kidogo kidogo, unakaa roho juu, ndipo okestra nzima inalipuka na trombone, zile tarumbeta kubwa za kuvuta, zilizokaa kimya tangu mwanzo zinaingia. Ukianzia kwenye mlipuko ni sawa na kuonyeshwa bao la dakika ya 90 bila kujua matokeo yalikuwa ngapi ngapi.

Na hata wangeipiga yote bado kuna hili la kubana sauti, yaani mitambo yao inapandisha penye sauti ndogo na kushusha penye kishindo ili mtu wa kwenye gari asisumbuke na volyumu. Nawaelewa, injini inameza violini zinazopigwa kwa sauti ndogo. Lakini ile ngoma ya taratibu ikishapandishwa, mlipuko unatoka wapi?

Halafu marudio. Haydn katunga simfoni zaidi ya 100, Bach kantata (kazi za kuimbwa na kupigiwa vyombo) zilizobaki ni karibu 200, lakini we utasikia Vivaldi, Masika (ile "Spring" ya Misimu Minne), sehemu ya kwanza, kila siku ya Mungu. Coleridge-Taylor, mtoto wa London mwenye baba wa Sierra Leone, na Florence Price, mtunzi Mmarekani mweusi ambaye simfoni yake ilipigwa na okestra ya Chicago mwaka 1933, hao mpaka Oktoba, mwezi wa historia ya watu weusi huku, ikiisha Oktoba kwaheri. Fela Sowande, mtunzi wa Nigeria, mi sijawahi kumsikia kwao kabisa.

Na kila baada ya wimbo "tulia, pumzika, sahau ya dunia". Nani kasema nataka kutulia? Shostakovich, yule mtunzi Mrusi wa muziki wa kutikisa roho, hakuandika vile ili nilale!

Kwa sasa asubuhi kwenye foleni nawasikiliza, jioni nahamia BBC Radio 3, hasa kiangazi, maana matamasha ya Proms, yale ya klasiki ya kila kiangazi London, yanarushwa moja kwa moja na kazi inapigwa mwanzo mpaka mwisho, hata kikohozi cha ukumbini unakisikia. Hawa wengine wakitenga saa moja tu usiku, simfoni nzima, bila bima ya gari katikati, naongeza nyota ya tatu siku hiyo hiyo.