Esteti seli ya Upper Arlington: chui kanipita, hela ya Tabora nimeiokota

Naanza na maksi kabisa ili wasiopenda kusoma waondoke zao: nyota tatu na nusu kati ya tano. Iliyokatwa ni nyota moja na nusu, moja ya kampuni, ile nusu nimejikata mwenyewe, mtaelewa mbele. Jina la kampuni silitaji kwa sababu nitaisema vibaya kidogo na sitaki kesi na watu wa Ohio, huku Marekani.

Kwa mlio nyumbani, esteti seli siyo mnada na wala siyo yale mauzo ya mbele ya gereji. Huku mzee akifariki au akihamishiwa nyumba ya wazee, watoto wanakaa majimbo mengine huko, hakuna mwenye wiki nzima ya kukaa kugawana vijiko, basi wanaita kampuni. Kampuni inapewa funguo, inafungua kila kabati, inabandika bei kwenye kila kitu hadi chupa ya sabuni iliyobaki nusu, halafu Ijumaa mpaka Jumapili mlango uko wazi na nyie ambao marehemu hamkumjua hata kwa sura mnapigana vikumbo bafuni kwake mkikagua mataulo. Kampuni inakata asilimia yake, mara nyingi thelathini na kitu, nyingine ya familia. Mara ya kwanza nilipata shida sana kiukweli. Kwetu vya marehemu wanagawana ndugu, shangazi apewe hiki, mjomba kile, na kununiana kwake kupo. Huku kuna stika ya dola 2. Nadhani nilizoea kwenye seli ya tatu, na siku hizi naingia na tochi, kioo cha kukuzia na sumaku mfukoni kama mganga. Sumaku ni ya kujua feki haraka, ukiambiwa hii fedha halisi halafu sumaku inaivuta, rudisha ulipokitoa.

Hii ya juzi niliikuta mtandaoni Jumatano. Wanaweka picha kama mia na hamsini hivi, na picha zenyewe wanapiga vitu wanavyojua wao, sofa, sahani, mashine ya kushonea. Mimi siangalii sofa, mimi naangalia nyuma ya sofa. Na nyuma ya sofa moja ya kijani, ukutani, nusu imekatwa na taa, nikaona mkia. Nikakuza picha. Chui. Madoa ya duara duara yenye kidoti katikati, jicho limetoka kama limeshtuliwa, nyuma rangi moja tu ya bluu iliyofifia, hakuna mlima Kilimanjaro wala Mmasai. Aisee nilikaa kitandani wima.

Maana picha za Tingatinga za kwenye maduka ya watalii tunazijua wote, lakini ile ilikaa kizamani. Edward Saidi Tingatinga mwenyewe alianza kuchora mwaka 1968 pale Oysterbay, Dar, kwenye vipande vya hadibodi, na rangi zenyewe za makopo, zile za milango na baiskeli, na wateja wake wengi walikuwa wazungu waliokuwa wanaishi maeneo yale. 1972 polisi wakampiga risasi kwa makosa, ikawa mwisho. Kwa hiyo kazi zake mwenyewe ni za miaka minne tu, na nyingi ziliondoka nchini kwenye masanduku ya hao hao wazungu, ndo maana ukitaka kuiona ya kwake mwenyewe bora uulizie Ohio kuliko Msasani. Mnadani zinakwenda maelfu ya dola. Na kwa sababu hiyo hiyo feki nazo zimejaa, watu wanajua kuandika hilo jina.

Ijumaa nikafika saa kumi na moja alfajiri. Utaratibu ni kwamba daftari linawekwa barazani, unaandika jina, unarudi kwenye gari kusinzia, saa tatu kamili wanafungua na kuingiza 25 wa kwanza, wengine mnasubiri mmoja atoke mmoja aingie. Nilikuwa wa 31. Mbele yangu walanguzi watupu, wale wa kununua na kuuza tena eBay, wana tochi za kichwani na mifuko, na hawasalimii. Hapa niwape kampuni haki yao, foleni waliisimamia vizuri, kuna seli nyingine watu wanasukumana mpaka unadhani ni mwendokasi wa Kimara saa kumi na mbili asubuhi.

Kuingia tu nikanyoosha sebuleni. Chui yupo! Stika dola 140. Chini kulia kwa herufi kubwa, E.S. TINGATINGA, na fremu ya mbao iliyochongwa vizuri tu. Nikasimama pale kama mtu anasoma matokeo ya fomu foo. Na hapo ndo ujinga wangu ulipoanza. Hela nilikuwa nayo, kodi ya nyumba nilishalipa, lakini kichwani kukawa na wasemaji wawili, mmoja anasema nunua, mwingine anasema hiyo feki utachekwa, na huyo wa pili ndo alikuwa na sauti. Nikamuuliza kijana wa kampuni, mnipunguzie. Akanijibu leo hakuna punguzo kwa mtu yeyote, Jumamosi asilimia 25, Jumapili nusu bei, ila kuna boksi la ofa, andika kiasi chako, ikibaki mpaka Jumamosi jioni tunakupigia simu. Na hakuna aliyeiulizia, akaniongezea hivyo. Nikaandika 75. Nikatoka najiona mjanja wa mjini.

Jumamosi nimetoka shifti ya ghala nikapitia. Pale ukutani pana mraba mweupe na msumari. Dada wa kaunta ananiambia, aah ile ya paka? Iliondoka jana mchana, kuna mama alipenda fremu.

Fremu jamani.

Nikamuuliza ilikwenda kwa ngapi, akasema 110. Sasa hapo ndo nyota moja ilipokwenda. Mimi niliambiwa hakuna punguzo kwa mtu yeyote, yeye siku ile ile kapunguziwa 30, maana yake sheria ni kwa wanaouliza kwa upole. Nikijua hivyo ningetoa 110 nimefumba macho. Ila ile nusu nyingine ni yangu, dola 140 kwa kitu ambacho hata kikiwa feki kingependeza ukutani kwangu, nilikuwa nangoja nini? Na mpaka leo sijui kama ilikuwa yenyewe, na hicho ndo kinauma, bora ningejua moja.

Jamaa yangu mmoja Mkongo wa Bukavu, tunafanya naye kazi, yeye anawinda santuri za rumba, akanipa pole kwa kunihadithia la yule mnunuzi wa chuma chakavu wa huku huku Marekani. Alinunua kiyai cha dhahabu kwa kama dola 14,000, anataka kukiyeyusha, kila anayempelekea anasema dhahabu yake haifiki hiyo bei, basi kikakaa jikoni kwake miaka. Siku moja akagugo jina la saa iliyokuwa ndani yake, Vacheron Constantin, kumbe ni yai la Fabergé, yule sonara aliyewatengenezea wafalme wa Urusi, mwaka 2014 dunia nzima ikatangaziwa. Yaani sababu ya kutoyeyushwa ni kwamba bei ilikuwa mbaya. Na kuna yule wa Massachusetts aliyenunua kamchoro kwa dola 30 kwenye esteti seli mwaka 2016, kikaja kutambuliwa kuwa ni mkono wa Albrecht Dürer, mchoraji mkubwa wa Kijerumani wa zamani. Nikamwambia ndugu yangu hizo hadithi hazinisaidii, mimi yangu nimeiona kabisa nikaiacha ukutani kwa mguu wangu.

Jumapili nikaenda shingo upande. Na nasema ukweli, Jumapili ndo siku yangu siku zote, siyo kwa nusu bei, ni kwa sababu vilivyobaki ni vile ambavyo wauzaji hawakuvijua na walanguzi hawakuvijua. Hii kampuni ukiwapa sahani ya Kimarekani watakutajia mwaka na kiwanda. Ukiwapa kitu cha kwetu, kinaingia boksi la vinginevyo. Nikashuka beizimenti, harufu ya unyevu na dawa ya nondo, kuna ubao wa kupigia pasi umefunikwa kitambaa, kumbe kanga! Nyekundu na nyeusi, imefifia mpaka imekuwa laini kama tambara, nikainyoosha nisome jina: HARAKA HARAKA HAINA BARAKA. Nilicheka peke yangu mule chini mpaka mzee mmoja akanisogelea akaondoka tena. Mimi niliyengoja Jumapili na chui kaondoka Ijumaa, ndo naletewa hiyo.

Kwenye rafu, nyuma ya makopo ya rangi, kopo la kahawa la bati, limeandikwa sarafu za nje, dola 8. Jumapili 4. Nikatia mkono. Za Kanada, za Meksiko, lira za Italia, halafu vidole vikagusa tundu, senti kumi ya Afrika Mashariki ile yenye shimo. Nikamwaga yote kwenye ubao wa pasi. Senti 20 za mbuni za 1966, senti hamsini ya sungura, senti tano ya samaki yenye pembe pembe, utoto wangu wote umelala pale. Na katikati yake vitatu vya shaba, vizito, vimepigwa kihuni, taji limekaa upande. Nikapangusa kimoja kwa kidole na mate. Taji juu, 1916, chini DOA, yaani kifupi cha Afrika Mashariki ya Kijerumani, na chini yake tena herufi moja peke yake, T. Geuza: 20 HELLER.

T ni Tabora. Na mimi ni Mnyamwezi, wa Tabora wa kweli, siyo hawa Wamarekani wa Ohio ninaokaa nao, ambao mtaani tunawaita Wanyamwezi. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Waingereza walifunga bahari, sarafu kutoka Ujerumani haziji, basi Wajerumani wakazipiga wenyewe kwenye karakana ya reli Tabora, kwa shaba yoyote waliyoipata, na Septemba 1916 Wabelgiji wakauchukua mji. Neno hela tunalotumia kila siku kuombana ndo hilo hilo heller. Walipiga pia ya dhahabu, rupia 15, ina tembo, hiyo ukiipata unaweza kuacha kazi ya ghala kwa muda. Msiniulize, nililikagua lile kopo mara nne, tembo hakuwemo. Hizi za shaba siyo za kujengea nyumba, zikiwa zimechakaa hivi ni dola kumi na kitu mpaka thelathini kila moja. Lakini siuzi.

Kaunta yule yule dada akainua kanga akaiangalia mbele nyuma, kitambaa, dola moja. Jumla 5 na kodi yake. Akaniambia mzee mwenye nyumba aliwahi kufundisha Tanzania miaka ya sitini, na watoto wake hawakutaka chochote cha beizimenti. Alinifungia vizuri kwenye gazeti, alikuwa mkarimu, na kadi walipokea bila makato, hayo nayaweka upande wao.

Usiku nikampigia shangazi Tabora kwa video, nikamwonyesha ile sarafu karibu na kamera. Akavaa miwani. Akaitazama wee, akasema, "Mwanangu, hizo si ndo alizokuwa nazo bibi yako kwenye kibuyu?" Nikamwuliza shangazi ziko wapi. Akasema mwaka walioezeka bati kwa mara ya kwanza washa za misumari ziliisha, fundi akazitoboa katikati, akazipigilia juu huko.

"Ngapi shangazi?"

"Kibuyu kizima."

Nyumba ile bado imesimama. Desemba naenda, ngazi nitaazima kwa jirani.